Spika za Kitambaa cha Sare ya Shule

Maximilla hakuwahi kuketi katika chumba chochote kabla ya kupiga kofi moja. Alisimama mlangoni, akakutanisha viganja mara moja tu, kisha akainamisha kichwa kama mtu anayesubiri jibu kutoka upande wa pili wa ukuta. Alifanya hivyo benki, hadi askari akamkagua mkoba. Alifanya hivyo ofisini kwa chifu, na karani akamuuliza kama mbu wameingia. Baada ya kofi alitoa hukumu yake kwa sauti ya chini. "Hapa maneno yanakaa," alisema mara chache sana. Mara nyingi alisema, "Debe." Kanisa letu jipya, lililokula harambee za miaka tisa na kupigwa vigae mpaka karibu na dari, alilihukumu siku ileile ya kuwekwa wakfu, askofu akiwa bado anatafuta miwani yake. "Debe," akasema, akaketi. Waliokuwa karibu walimtazama kama mtu aliyetema mate altareni. Mwaka uliofuata kamati ilinunua vipaza sauti vingine vinne ili mahubiri yasikike, na mahubiri yakazidi kutosikika. Hakuna aliyemkumbuka Maximilla.

Nilipanga nyumba yake ya uani, mtaani Amalemba, kwa miaka kumi na mmoja, nikifundisha chuoni. Yeye alikaa nyumba ya mbele, vyumba viwili na sebule, ambayo marehemu mumewe Titus aliiacha kuta zikiwa bila plasta. Alikuwa fundi wa nguo. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko: cherehani moja ya miguu na marundo ya vitambaa vya sare, kijani cha shule hii, maruni ya miraba ya shule ile. Kwa kazi hiyo alimsomesha binti yake Abigail, ambaye baadaye aliolewa Lugari. Na kwa kazi hiyohiyo, kwa miaka sita, kipande baada ya kipande, alijitengenezea redio. Naiita redio kwa sababu yeye aliiita hivyo. Kilichokuwa sebuleni mwake kilikuwa mtambo kamili wa muziki, amplifaya na spika mbili kubwa, na sijasikia mwingine uliokaribia huo katika nyumba yoyote ya mji huu, zikiwemo nyumba za watu wanaojiona.

Ilianzia kwenye mapazia. Daktari mmoja wa Milimani alimwita apime madirisha, na alipokuwa amesimama juu ya kiti, tepu shingoni, daktari akawasha muziki wa mwanamke anayeimba peke yake.

"Mwalimu, kabla hajaanza kuimba nilisikia akivuta pumzi," aliniambia. "Nikageuka nimsalimie."

Alishuka kwenye kiti, akamtafuta huyo mwanamke kwa macho, akakuta spika mbili za mbao. Mapazia yale aliyakosea vipimo, na nadhani ni kazi pekee aliyowahi kuikosea. Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu: kumsikia mtu akivuta pumzi sebuleni mwake kabla ya kuimba.

Kwa watu wetu hiyo si sababu. Mji huu hupima redio kwa macho na kwa mbavu. Mtu akipata mshahara wake wa kwanza hununua wufa, lile boksi la plastiki lenye taa zinazobadilika rangi, na taa hizo ndizo anazoziuliza kwanza dukani. Akiliwasha, vikombe hutembea mezani, madirisha hutetemeka, na jirani akija kulalamika mwenye nyumba hujua kwamba hakuibiwa. Mwimbaji mwenyewe hutoka kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa la maji. Hakuna anayemuulizia. Nimeketi katika nyumba za wahadhiri, watu wenye vyeti vilivyowekwa kwenye fremu, tukipigiana kelele "Karibu chai" juu ya ngurumo hiyo, kila mmoja akitabasamu kama aliyebarikiwa.

Tena kuna jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. Kwetu redio haifi kwa uzee; hufia matangani. Mwenye redio kubwa akifiwa na jamaa, hata wa mbali, redio si yake tena. Ukoo hutuma watu kuichukua. Huwekwa juu ya kiti cha plastiki chini ya tenti, ikaunganishwa na jenereta, ikafunguliwa hadi mwisho ili walio ng'ambo ya mto wajue kwamba kuna aliyekufa, na siku ya pili koni, zile karatasi za spika zinazotikisika na kutoa sauti, zimepasuka. Hurudishwa na asante nyingi na kipande cha nyama. Kukataa hakuwezekani, kwa sababu anayemnyima marehemu redio atasemwa mpaka yeye mwenyewe azikwe. Titus alikuwa na redio nzuri ya kaseti katika ujana wake. Ilifia matangani kwa shangazi yake, naye akala nyama.

Maximilla aliyajua hayo kabla hajanunua hata waya. Hofu yake ilikuwa moja, kwamba ukoo wa mumewe, walio upande wa Lubao, wangekuja kujua alichonacho. Kwa hiyo aliamua tangu mwanzo kwamba redio yake itakuwa mbaya kwa sura.

Amplifaya aliipata kwa Wangila, fundi wa redio aliyekuwa na kibanda mkabala na chake. Ilikuwa ya Kijapani, nzito kama jiwe la kusagia, iliyoachwa na mteja ambaye hakurudi. Kitufe kimoja kilikuwa kimepotea na mahali pake pamebandikwa kifuniko cha chupa ya soda.

"Mama, hii ni mzee," Wangila alimwambia. "Haina taa, haina mahali pa flashi. Ngoja nikupatie wufa ya maana, iko na rimoti."

"Ina mikono yote miwili?"

"Mikono gani?"

"Kushoto na kulia. Kila mkono unafanya kazi yake?"

"Hiyo inafanyanga. Lakini nani husikianga hiyo, mama?"

"Niletee watoto wako niwapime," akasema Maximilla, na amplifaya ikalipwa kwa sare tatu.

Spika alizitoa Kibuye, Kisumu, kwenye mitumba ya vyombo kutoka ng'ambo. Maboksi yalikuwa ya mbao halisi, lakini ule ukingo laini unaoizunguka koni ulikuwa umeoza, ukadondoka kama makombo ya keki ukiugusa. Muuzaji alikuwa karibu kuyavunja atengeneze rafu.

"Hizi zimekufa, mama."

"Hazijafa," alimjibu. "Zimechanika."

Hapo ndipo alipowaacha mafundi wote nyuma. Wangila alitaka azing'oe koni na kutia mpya za bei rahisi, kama afanyavyo kila mtu. Maximilla alikaa na spika mapajani, akaisukuma koni taratibu kwa vidole viwili, akaiachia, akaisukuma tena. Koni ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni kitu chepesi cha kuishika pembeni, kinachoiruhusu iende na kurudi bila kuvutwa upande mmoja kuliko mwingine. "Ni kola," akasema. "Ni kola ya mviringo tu." Alijaribu kitambaa cha bitana kikachakacha. Alijaribu kitambaa cha mwavuli, kwaya nzima ikasikika kama inaimbia chini ya mabati mvua ikinyesha. Kitenge kilikuwa kigumu mno. Waimbaji walitoka kama watu waliotoka kung'olewa meno. Mwishowe alichukua fulana ya marehemu Titus, iliyolainishwa na miaka ya kufuliwa, akaikata mshazari ili inyumbuke sawasawa pande zote, akaishona kwenye ukingo kwa mishono midogo kiasi kwamba ilinibidi niinamishe kichwa ndipo niione, kisha akaipaka mara mbili gundi ya mpira ya washona viatu iliyozimuliwa kwa petroli. Wakati gundi ikikauka koni haikutakiwa kusogea hata kidogo, kwa hiyo aliikaza katikati kwa vipande vyembamba vya filamu ya eksirei, ambayo ilikuwa eksirei ya goti lake mwenyewe.

Ndani ya maboksi alishindilia sweta za mitumba zisizouzika. Chini yake aliweka miguu ya chuma ya cherehani mbili zilizokufa. Waya ulikuwa masalio ya fundi umeme mmoja aliyetaka suruali ipunguzwe kiuno. Diski alizicheza kwenye mashine iliyokataa kufungua mdomo wake, akawa anaufungua kwa sindano. Na mbele ya spika, mahali ambapo wengine huweka wavu mweusi wa kupendeza, alinyoosha kitambaa cha maruni cha miraba, masalio ya sare za shule ya msingi. Zilionekana kama wasichana wawili wa darasa la tatu waliosimamishwa mbele kwa kuchelewa.

Kisha akaanza kuzipanga. Kwa miezi mitatu alizisogeza kutoka ukutani kidole kimoja kimoja, akipima kwa tepu na kuweka alama sakafuni kwa chaki ya kushonea. Makochi aliyatoa. Alibakiza kiti kimoja, mahali ambapo umbali wa spika hii na ile ulikuwa sawa. Sebule isiyo na pa kukalisha wageni ni tusi katika nchi yetu, na habari zilifika Lubao haraka. Shemeji yake Chrispinus, kaka mkubwa wa Titus, mtu mwenye tumbo na maneno, alikuja kujionea.

"Shemeji, hii ni sebule ama ni korti?" alisema akiwa bado mlangoni. "Mshtakiwa ndiye anakaa hapo katikati?"

"Ndiyo. Karibu ukae."

Alikaa, akacheka, akasikiliza kwa muda usiotosha kunywa maji.

"Ongeza."

"Imetosha."

"Hii? Hii ni redio ya mgonjwa, shemeji. Redio ya kuwekewa mtu asiamke."

Jina likashika. Katika kila harusi na kila mazishi Chrispinus aliwaeleza watu jinsi mke wa ndugu yake alivyoshonea redio sare ya shule, na watu walicheka hadi wakashika mbavu. Nilidhani Maximilla ataumia. Aliniambia kwamba hajawahi kulala vizuri kama siku hizo.

"Wacha waiite hivyo," alisema. "Mgonjwa haalikwi matangani."

Mimi mwenyewe niliishi uani kwake miaka minne kabla hajanikalisha kwenye kile kiti. Ilikuwa Jumamosi mchana. Aliweka kwaya moja ya kijijini, diski ya bei ya chini iliyonunuliwa njiani. Nilitarajia redio. Badala yake spika zilitoweka. Zilikuwepo, naziona na miraba yake ya maruni, lakini sauti haikutoka kwake. Watu walikuwa wamesimama pale sebuleni kwa mistari mitatu, wanawake mbele, na ukuta usio na plasta ulikuwa umerudi nyuma hatua kumi. Nilijua nani ni mfupi. Mwimbaji wa tatu kutoka kulia alikuwa na mafua. Kabla ya ubeti wa mwisho wote walivuta pumzi pamoja, nami nikajikuta nimevuta pia. Maximilla alikuwa amesimama nyuma yangu, hana haja ya kuniuliza kitu.

Laiti ningenyamaza. Jumatatu nilieleza katika chumba cha walimu chuoni. Jumapili nikaeleza kwa akina mama wa kanisa, waliokuwa wakisifu wufa mpya ya mwenyekiti. Nataka kusema kwamba ilikuwa sifa, lakini ilikuwa dharau. Nilitaka wajue kwamba wanaishi katika kelele kama watu wanaoishi karibu na kinu cha miwa, na nikalichukua jina la Maximilla nikawapiga nalo. Nililitia chumvi pia. Habari ilipofika Lubao ilikuwa imenona: mama Abigail ana mashini ya kizungu yenye thamani ya gari, ameificha kwa vitambaa.

Mwezi wa nne mwaka huo Chrispinus akafa kwa kisukari. Siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, pikapu iliingia uani. Walioshuka ni Wesley, mwanawe wa kwanza, mfanyakazi wa kaunti, na wanaume wawili wenye kamba. Nilikuwa naanua nguo. Maximilla alitoka akifuta mikono.

"Poleni, mama," alisema Wesley.

"Poleni pia. Nilikuwa nakuja kesho."

"Tumekuja na gari. Mzee anazikwa Jumamosi. Ukoo umekaa, umesema ile mashini yako ndiyo itampigia."

"Mashini gani? Baba yako alisema ni ya mgonjwa."

"Hiyo ilikuwa zamani. Mwalimu hapa ameeleza watu yote." Akanionyesha kwa kidevu.

Maximilla akanitazama. Nimetazamwa na wakaguzi, na mume akiondoka, na mama yangu siku niliyofeli. Sijawahi kutazamwa kwa mshangao mdogo kama ule, wa mtu anayegundua kwamba alikosea kipimo.

"Wesley, hiyo imetengenezewa mtu mmoja," alisema. "Matanga iko na watu mia tano."

"Ndiyo maana iko na volyumu, mama."

"Kodisheni."

"Tukodishe na yako iko? Watu watasema nini? Watasema mama alimwekea mzee kinyongo kwa sababu ya utani."

Basi. Hapo hapakuwa na mlango wa kutokea, na Wesley alijua. Hakuwa mjinga katika mambo ya namna hiyo, kama wasivyokuwa wajinga watu wote wa aina yake. Maximilla alisimama kidogo akiwatazama wale wanaume na kamba zao.

"Naenda nayo," akasema. "Nitakaa nayo kama mtoto aliyelazwa. Mkono wa mtu mwingine usiguse."

"Nani atakugusia, mama?"

Jumamosi walizipanga chini ya tenti, kila spika juu ya kiti cha plastiki, pembeni mwa jeneza. Watu walipoona zile sare za maruni kicheko kilianzia nyuma na kuja mbele kama upepo katika miwa. Maximilla aliketi kando ya amplifaya, mgongo umenyooka, mkono wa kulia juu ya kitufe cha sauti, nami nikaketi karibu naye kwa sababu sikuwa na pengine pa kuweka aibu yangu. Mshereheshaji alikuwa Protus, mtu wa suti na miwani ya jua, anayekodishwa kuchekesha wafiwa.

"Mama wa redio, ongeza kidogo," alisema kwenye maikrofoni.

"Imetosha."

"Wa nyuma hawasikii."

"Waje mbele."

Watu wakacheka. Protus, aliyeonja kicheko, hakuachia. "Ndugu zangu, leo tumeletewa redio ya kuambiwa siri. Ukitaka kusikia, sogea, uinamishe sikio, kama kwa daktari." Kicheko tena. "Mama, mzee alikuwa mtu mkubwa. Mpigie kwa ukubwa wake."

Maximilla hakukizungusha kitufe. Safu tatu za mbele, walipokuwa wameketi wazee, walisikia kila neno la wasifu wa marehemu, hadi msomaji alipomeza mate. Waliobaki walisikia jenereta. Dada ya Chrispinus, kikongwe aliyekuwa mbele kabisa, alimwambia Protus, "Wacha hivyo. Leo nimesikia jina la ndugu yangu likisomwa vizuri." Protus akamcheka naye pia, kwa heshima.

Saa sita wakaitwa wake wa ukoo kulizunguka jeneza. Hilo nalo halikataliwi. Maximilla akasimama, akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya kitufe.

"Mwalimu, shika hapa."

Alikuwa amefika upande wa pili wa jeneza, katikati ya wanawake waliokuwa wakilia, Wesley aliponijia. Hakunifokea. Aliinama, akatabasamu, tai yake ikagusa bega langu. "Mwalimu, kwa heshima zote. Hapa ni kwetu."

Nikaondoa mkono. Nimesoma miaka kumi na saba, nafundisha watu wazima, nina maoni makali kuhusu karibu kila kitu katika wilaya hii, na niliondoa mkono kwa sababu mwanaume mwenye tai aliniomba vizuri. Wesley akakizungusha kitufe hadi mwisho. Kwa mistari miwili ya wimbo sauti ilikuwa kubwa kweli, na watu mia tano wakapiga vigelegele, wamefurahi kuliko walivyofurahi siku nzima. Kisha spika ya kulia ikakohoa. Ikakohoa tena. Halafu ikatoa ule mlio wa kitambaa kinachochanwa na mtu mwenye haraka, na kutoka ng'ambo ya jeneza nikamwona Maximilla akiinua kichwa. Wanawake wengine walikuwa wakimtazama maiti. Yeye alikuwa akinitazama mimi.

Muziki ulikatika kwa muda usiozidi nusu saa. Gari la kukodi likaingia kutoka mjini, limepakiwa maboksi meusi mpaka juu, na dereva akaomba msamaha kwamba amechelewa. Wesley alikuwa ameliagiza tangu Jumatano. Redio ya Maximilla waliichukua ili tu isisemwe kwamba kuna aliyebaki na chake nyumbani.

Baada ya wiki mbili walikuja kumtuliza, Wesley na wazee watatu, na sala ndefu, na zawadi iliyofungwa karatasi. Ilikuwa wufa. Ilikuwa na taa za rangi saba na rimoti.

"Sasa mama umepanda cheo," alisema mzee mmoja.

Maximilla alishukuru, akawachinjia kuku, ingokho ya heshima, akawapa ugali wa wimbi, akawasindikiza hadi barabarani. Aliporudi aliibeba ile wufa mpaka kwenye banda, akaiunganisha na waya mrefu, akaiwasha bila sauti. "Vifaranga watapata joto," alisema. Walilala juu yake hadi ikaharibika.

Kwa miezi mitatu alisikiliza spika ya kushoto peke yake. Hakukisogeza kiti. Alikaa palepale katikati, na waimbaji wote walimsongamania upande mmoja kama abiria katika boti inayopinduka. Kushona upya hakuweza. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na ule mshono mdogo sasa ulikuwa kazi ya mtu mwingine. Wangila alijitolea kutia koni mpya. Maximilla akamwambia asimtukane. Hakuwahi kunilaumu. Alinipita uani, akaniuliza habari za chuo, akaendelea na safari yake, na ningependelea anitupie maji machafu.

Mwezi wa nane aliniita. "Mwalimu, njoo na vidole vyako."

Nilienda kila alasiri nikitoka kazini. Alikuwa ameitafuta fulana nyingine, ameikata mshazari kwa kupapasa. Nilishona, yeye akiwa ameshika ukingo, akifuata sindano yangu kwa ncha ya kidole na kuniambia wapi nimevuta sana. Ilichukua wiki tatu. Kisha Abigail akaja kumchukua ampeleke Lugari, akafanyiwe macho huko karibu naye, na kabla ya tarehe ya upasuaji shinikizo la damu likamuua. Alizikwa Lubao kando ya Titus. Wesley aligharamia gari la muziki, kubwa kuliko lile la baba yake. Nilisimama barabarani, mbali, na hata huko sikusikia neno moja la wasifu wake. Abigail, ambaye ana wufa kwake, aliniachia redio. Ipo chumbani kwangu. Imebidi kitanda kiende ukutani. Upande wa kulia unaimba karibu sawa na wa kushoto, na nikisema karibu najua ninachosema.

Mara ya mwisho kuzungumza naye ilikuwa alasiri kabla ya Abigail kufika. Nilikuwa nimemaliza mzunguko mzima, kilichobaki ni gundi, na nilijisikia mtu. Nilimwekea spika mapajani. Aligeuza uso dirishani, macho yale ya ukungu yakielekea kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya mishono yangu, pole pole, mmoja baada ya mwingine, kuanzia juu. Alifika chini akaanza kupanda upande wa pili. Kidole kikasimama. Akarudi nyuma mishono miwili.

"Hapa uliharakisha."

"Mahali padogo tu, Mama Abigail. Haitasikika."

Hakuinua sauti. Alinirudishia spika, akanitafutia sindano kwenye kifua cha gauni lake, akaniwekea mkononi.

"Itasikika. Fumua yote, mwalimu."